Jumamosi ya bure Brooklyn, meza ya wanawake 39 na mkeka wa mama

Jumamosi hii ya kwanza ya Machi nlimaliza shifti saa kumi jioni, mgongo unauma, na nlichokuwa nakitaka ni kitanda tu. Kazi yangu huku New York ni kuangalia wazee majumbani, na huyu bibi ninayeshinda naye Jumamosi ni mtu wa Barbados kwa kuzaliwa ila yupo Brooklyn tangu ujana wake, alikuwa fundi cherehani maisha yake yote mpaka vidole vikakakamaa. Namfunika blanketi pale nijiandae kuondoka akaniuliza, binti, leo si Jumamosi ya kwanza ya mwezi? Nkamwambia ndio Mama. Akasema basi usiende kulala, nenda makumbusho, leo ni bure na mwezi huu ni wa wanawake, panda mpaka ghorofa ya nne ukaione meza, halafu wiki ijayo uje unihadithie vitambaa, kimoja kimoja, usiniruke hata kimoja.

Sasa mtu wa umri ule akikutuma unakwenda, huna la kujibu. Nkampigia shoga yangu wa Goma, tunasali tofauti, tunakula tofauti, ila Kiswahili kimetuunganisha toka siku ya kwanza tuliposikiana kwenye basi, nkamwambia vaa tutoke.

Kwa wasiojua, Makumbusho ya Brooklyn yana huu utaratibu toka 1998. Jumamosi ya kwanza, miezi mingi ya mwaka, wanafungua jioni bila kiingilio na watu wanamiminika mpaka usiku, kunakuwa na muziki, dansi, mashairi, mazungumzo na wasanii, meza za kuchora na kushona, na wauzaji wadogo wadogo wa hapo hapo mtaani wenye hereni na sabuni na vitambaa vyao. Machi huku Marekani ni mwezi wa historia ya wanawake, Bunge lao lilipitisha rasmi 1987, na tarehe 8 yenyewe ni ile Siku ya Wanawake tunayoijua sote, kwahiyo programu ya mwezi huu huwa inaegemea huko.

Hili neno bure naomba nilisemee kidogo manake kuna watu wanalichukulia poa. Majumba makubwa ya sanaa ya mji huu kiingilio kimefika dola 30 kwa mtu mzima. Mtu anayelipwa kwa saa anajua dola 30 ni saa ngapi za kuinua mtu mzito kutoka kitandani. Na sio hela peke yake. Mwaka wangu wa kwanza hapa nliingia jumba moja la sanaa, mji mwingine, jina sitalitaja, nkalipa kama wenzangu, na mlinzi akanifuata chumba hadi chumba nyuma ya mgongo wangu, mimi na mtandio wangu na mkoba wangu, mpaka nkatoka kabla sijaona hata nusu. Niliapa sitorudi sehemu kama zile. Imenichukua miaka.

Ndo maana nliposhuka treni namba 2 kituo cha Eastern Parkway, ambacho kipo mlangoni kabisa pa makumbusho, nkaona ile foleni, moyo ukatulia. Akina mama wa Kikaribi na vilemba vyao, wasichana wenye rasta za kila rangi, baba kabeba mtoto mabegani, bibi kwenye kiti cha magurudumu anasukumwa na mjukuu, vijana wawili wamevaa suti kama wanaenda harusini. Hii barabara ndo ileile ya kanivali kubwa ya Wakaribi kila mwanzo wa Septemba, kwahiyo mtaa umezoea kuitumia kama uwanja wao, na hili jumba na ule uso wake wa kioo uliojengwa 2004 limekaa kama baraza la mtaa, watu wameketi kwenye ngazi wanakula na kucheka. Hakuna alonifuata. Dada wa sekyuriti alikitazama kitenge cha shoga yangu (mi nlivaa kanga mabegani) akasema mmependeza, piteni.

Ndani kelele tupu, kelele nzuri. Ghorofa ya tatu ule ukumbi mkubwa wa nguzo didjei alikuwa anapiga na watu wanacheza, akina mama watu wazima kabisa wamevua viatu, wameviweka pembeni ya ukuta vimejipanga utafikiri mlangoni pa msikiti, wanacheza. Shoga yangu akanivuta tukacheza mbili tatu, kwakweli uchovu sijui ulikwenda wapi. Lakini nlikuwa nimetumwa, tukapanda ghorofa ya nne.

Ghorofa ile ina kituo cha sanaa ya wanawake, kinaitwa kwa jina la Elizabeth Sackler, kimefunguliwa 2007, na katikati yake ndipo ilipo hiyo meza. Ni kazi ya sanaa inaitwa The Dinner Party, ya Judy Chicago, msanii wa Marekani, na wenzake, ilianza 1974 ikaisha 1979. Kabla ya kufika unapita chini ya vitambaa sita vilivyofumwa vinaning'inia, halafu unaingia chumba chenye giza na meza inawaka. Wallahi sauti ya muziki ilikatika ghafla, watu wote mle wananong'ona.

Ni meza ya pembetatu. Kila upande mita 14 na nusu hivi, kila upande viti, yaani nafasi, 13, jumla wanawake 39 wamealikwa karamuni ila hakuna hata mmoja aliyekaa, ipo sahani yake, kikombe chake cha dhahabu, kisu na uma, leso, na kitambaa kirefu kinachoning'inia mbele na nyuma ya meza kimetariziwa jina lake. Mmoja ni Hatshepsut, mwanamke aliyekalia kiti cha ufarao Misri. Mwingine ni Caroline Herschel aliyekuwa akikesha kutafuta nyota zenye mikia. Yupo Elizabeth Blackwell, 1849 alikuwa mwanamke wa kwanza Marekani kupata shahada ya udaktari. Wapo malkia, watawa, washairi, miungu wa kale.

Mi nlianza na vitambaa kama nlivyoagizwa. Nliinama mpaka shingo ikauma. Kila kitambaa kimeshonwa kwa namna ya wakati wa yule mwenye nafasi, kuna nyuzi za dhahabu, kuna sufu, kuna shanga, kuna lesi, kuna vipande vya nguo vilivyoungwa, na mishono mingine midogo mpaka unajiuliza yule mtu aliona vipi. Nlikulia Tanga kwenye nyumba ya kusuka ukili, mama yangu na bibi yangu na majirani walikuwa wanakaa ukumbini baada ya alasiri, miyaa, yale majani ya kusukia, imelowekwa, imetiwa rangi, kila mmoja anasuka ukili wake huku wanazungumza, mkono unakwenda wenyewe macho yapo kwa mwenzake. Ukili wa huyu unashonwa na ukili wa yule, mkeka unatoka. Hatukuita sanaa, tuliita kazi, na wanaume walikuwa hawaiti hata kazi, walisema wamekaa tu wale. Mkeka ukinunuliwa unatandikwa, unakaliwa, unachakaa, unatupwa. Sasa nasimama mbele ya kitambaa kilichoshonwa na mikono ya wanawake na kimewekewa kioo na taa na mlinzi, na watu wanakizunguka polepole kama wanaogopa kukiamsha. Machozi yalinitoka pale pale na sikuyafuta.

Sahani nazo. Nitasema wazi kama lilivyo. Nyingi zina umbo la kipepeo au ua, na ukitazama vizuri unaelewa ni maumbile ya mwanamke, na kadri unavyozunguka meza zinainuka, zinazidi kutoka kwenye meza kama zinataka kuruka. Shoga yangu alinishika mkono kwa nguvu. Zilipoonyeshwa mara ya kwanza San Francisco 1979 watu wengi walikuja, wengine walikasirika sana, wakasema ni aibu. Mimi sikuona aibu, nliona unyago. Kwetu Usambaa na Uzigua makungwi walikuwa na vinyago vya udongo, wanavifinyanga, wari, yaani wasichana wanaochezwa unyago, wanafundishwa navyo ndani, kila kinyago na wimbo wake na maana yake, halafu mambo yakiisha hakuna anayevisema nje. Kwahiyo sanaa ya udongo ya kumfundisha mwanamke mwili wake mimi siioni ngeni hata kidogo, bibi zangu waliijua. Tofauti ni kwamba kwetu mlango ulifungwa na hapa umefunguliwa mpaka wanaume wanaingia, na mpaka sasa nnavyoandika bado nafikiria lipi lina heshima zaidi. Nadhani yote mawili.

Tukafika kwa Sojourner Truth. Hapa tulikaa sana.

Yule mama alizaliwa utumwani hapahapa jimbo la New York, karibu 1797, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kidachi kwa sababu mabwana waliommiliki walikuwa Wadachi. 1826 aliondoka, kambeba binti yake mchanga, watoto wengine ikabidi awaache. Mwanawe wa kiume aliuzwa mpaka Alabama kinyume cha sheria, na huyu mama asiyejua kusoma akaenda mahakamani akamshtaki mzungu na 1828 akarudishiwa mtoto. Hebu fikiria. Ndo baadaye 1843 akajipa mwenyewe hilo jina la Sojourner Truth, la kuzaliwa aliitwa Isabella, akatembea nchi nzima akihubiri dhidi ya utumwa na kudai haki ya wanawake mpaka alipofariki 1883.

Kwenye meza nzima yeye ndiye Mmarekani mweusi peke yake. Na sahani yake haifanani na za wenzake wengi, ina sura tatu, moja inalia, moja ina hasira, moja kama kinyago. Nlipoisoma habari yake baadaye nkaona waandishi weusi, akiwemo Alice Walker mwaka uleule 1979, walihoji kwa nini huyu mweusi hakupewa mwili kama wenzake, kwani yeye hakuwa mwanamke kamili? Na nlikuwa nimeshaisikia hoja hiyo kabla sijaisoma, manake shoga yangu alisimama pale kimya, akahesabu kwa kidole upande mmoja, upande wa pili, upande wa tatu, akaniambia, "Dada, banamuke bote hawa, na wa rangi yetu huyu moja tu. Na yeye wamemulilisha."

Sikuwa na jibu. Nliipenda meza na nliumia na meza, vyote kwa wakati mmoja, na nafikiri ndo ukweli wa ile kazi. Ilifanywa na watu waliochoka kufutwa kwenye vitabu, na wao wenyewe wakaacha watu nje. Kitambaa chake lakini, kitambaa cha Sojourner, kina mtindo wa kufuma vipande vyembamba vyembamba kama wanavyofuma Afrika Magharibi, umeungwa na ule ushonaji wa Wamarekani wa kuunganisha viraka. Nikasema hiki ndicho cha kwanza nitakachomhadithia Mama wa Barbados.

Halafu tukaangalia chini. Sakafu ya katikati ya meza ni vigae vyeupe vya kauri, zaidi ya 2,300, na juu yake yameandikwa kwa mkono, kwa rangi ya dhahabu, majina 999. Huruhusiwi kukanyaga. Unayaona yanang'aa, mengine karibu unayasoma, mengine yanapotea mbali kwenye giza. Majina, majina, majina. Shoga yangu akakumbuka kitu alichowahi kuambiwa na mwalimu wake wa Kiingereza hapa mjini, kwamba 1923 makumbusho haya haya yalifanya maonyesho ya vitu vya Afrika, vingi kutoka Kongo, na yalikuwa miongoni mwa ya kwanza Marekani kuvionyesha kama sanaa, sio kama maajabu ya kushangaa. Kwa hilo walitangulia wengi. Lakini wakusanyaji wa enzi zile walikuwa wanaandika kabila na mahali, aliyefinyanga au aliyefuma hawakumuuliza jina. Akasema, bibi ya bibi yangu pengine alifuma kitu kiko kwa sanduku hapa chini, nitamujuaje?

Hilo swali limenikaa mpaka leo.

Na ili nisiwe wa kulalamika tu, niseme pia kwamba kwenye ghorofa hiyo hiyo Wangechi Mutu wa Nairobi alifanyiwa maonyesho makubwa kuanzia Oktoba 2013 mpaka Machi 2014, jina lake limeandikwa ukutani herufi kubwa, na 2019 sanamu zake nne za shaba za wanawake wamekaa zikawekwa mbele ya jumba la Metropolitan, kwenye vile vishimo vya ukutani vilivyokaa vitupu zaidi ya miaka 100. Sikuwepo hapa 2013. Ile ya 2019 niliiona kwa nje, nimesimama barabarani, sikuwa na hela ya kuingia, lakini zile zilikuwa nje kwa hiyo niliziona zote.

Tukashuka kwenye meza za kushona. Hapo ndo pamejaa watoto na mama zao. Wanakupa kitambaa, fremu ya duara, sindano na nyuzi, na dada mmoja msanii anazunguka anasaidia, unatarizi jina la mwanamke unayetaka akumbukwe. Binti wa mama aliyekaa pembeni yangu, miaka tisa hivi, anatarizi jina la nyanya yake aliyefariki mwaka jana, kila mshono anaunyoosha anautazama. Mzee mmoja mwanamme katulia kimya anashona jina la mkewe. Mi nikatarizi jina la bibi yangu mzaa mama, herufi za kiarabu kwa sababu ndizo pekee alizojua kuzisoma. Yule dada msanii akaja akaangalia mkono wangu akaniuliza umejifunzia wapi, nkamwambia kwa watu waliokuwa wamekaa tu. Akaniomba nimuelezee, nkamuelezea ukili kwa Kiingereza changu, namna unavyochana miyaa, unavyoloweka, unavyoanzia, na watoto wakanizunguka, na nkachukua vipande vya karatasi nkawaonyesha. Mwisho walikuwa kama kumi wanasuka karatasi. Naam, mimi, kwenye makumbusho ya New York, nasomesha kusuka ukili! Laiti bibi angeona.

Nikazipiga picha zile karatasi nkamtumia mama wasap, na za meza nyingi, na voisi ndefu ya kumuelezea. Kwao ilikuwa usiku wa manane, tunapishana saa nane kipindi hiki, nkajua atasikiliza akiamka kuswali.

Voisi yake ilinikuta ndani ya treni tunarudi, saa nne na dakika 20 usiku huku, kule ni asubuhi ya Jumapili kumeshapambazuka, nasikia majogoo na mtu anafagia uani. Nlitegemea aseme mashallah pazuri. Alisema, ndio, kisha akaniuliza kitu ambacho mimi na kupinda shingo kwangu kote sikukiuliza: "Sasa mwanangu, hao walioalikwa karamu wameandikwa mbele ya sahani zao, na wengine umesema wapo sakafuni. Haya, na hao walioshona wameandikwa wapi?"

Nkatafuta kwenye simu mle mle kwenye treni. Watu kama 400 walifanya kazi kwenye meza ile kwa ile miaka mitano, wengi wa kujitolea, na majina ya wengi wao yamehifadhiwa, lakini ukimsikia yeyote anaitaja ile meza utasikia jina moja, la Judy Chicago. Nkamwambia mama hivyo hivyo. Akakaa kimya, naona tu maandishi kwamba anarekodi, anarekodi, anarekodi, tukapita vituo vitatu.

Ikaja voisi ya dakika nne. Hakusema chochote kuhusu meza. Alikwenda akasimama juu ya mkeka wa ukumbini, ule mkubwa, ambao mimi nlizaliwa nikaukuta, na akaanza kutoka pembeni: ukili huu wa mwanzo alisuka fulani, huyo alikuwa mke wa mvuvi wa pale Chumbageni, huu mwekundu kasuka bibi yako kipindi ana mimba yangu, huu uliopinda kasuka fulani alikuwa bado anajifunza tukamwambia acha hivyohivyo, huu kasuka fulani, katangulia mbele ya haki, na huu, na huu. Kumi na mmoja. Majina sitayaweka hapa mpaka mama awaulize walio hai na watoto wa waliofariki.

Sikuwa na karatasi. Nkatoa kile kitambaa changu kwenye mkoba, nkakigeuza upande wa nyuma penye mafundo ya nyuzi, nkamwambia shoga yangu shikilia pembe hizi mbili zisitikisike, nkarudisha voisi mwanzo nkaanza kuandika kwa kalamu.